Je, Wajua? Foleni Iliyo Ndani ya Swichi

Je, wajua kuwa data inayoondoka Songea kwa njia ya faiba hufika Dar es Salaam kwa takriban milisekunde tano tu? Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri karibu kilometa 200,000 kwa sekunde moja, na njia ya kutoka Songea kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro ni kama kilometa 1,000. Elfu moja kwa mwendo wa laki mbili ni sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Basi la abiria hutumia siku nzima kwa safari hiyohiyo.

Ndiyo maana inaniuma kila ukurasa unapozunguka bila kufunguka katika ofisi ya Mfaranyaki au Bombambili hapa Songea, na mtu anasema, "Si unajua, sisi huku tuko mbali." Umbali unasingiziwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika Songea, na kampuni za simu nazo zina minara yao. Mara nyingi kinachotuchelewesha ni kisanduku chenye taa za kijani kilichowekwa chini ya meza, na foleni iliyomo ndani yake.

Swichi hupokea nyaya za kompyuta zote za ofisi na kupeleka kila pakiti ya data kwa anayehusika. Pakiti mbili zikitaka kutokea tundu moja kwa wakati mmoja, moja hupita na nyingine husubiri kwenye kumbukumbu ndogo iitwayo bafa. Hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza pale njia pana inapokutana na njia nyembamba. Ndani ya ofisi kompyuta huzungumza kwa gigabiti moja kwa sekunde, lakini kifurushi cha intaneti kilicholipiwa huenda ni cha megabiti 10. Upande wa ndani una kasi mara mia ya upande wa nje. Mtu mmoja akianza kupandisha video ya harusi, data humiminika kwa kasi ya ndani na kutoka kwa kasi ya nje, na kifaa kinacholinda mlango huo, kiwe swichi au rauta, huanza kujaa.

Tupige hesabu. Bafa ya megabaiti moja ikijaa mbele ya njia ya megabiti 10 kwa sekunde, pakiti iliyo mkiani mwa foleni itasubiri sekunde 0.8. Katika muda huo mwanga ndani ya faiba ungekwenda kilometa 160,000, yaani ungeizunguka dunia mara nne. Pakiti yenye safari ya milisekunde tano hadi Dar es Salaam imekaa milisekunde 800 kabla hata ya kutoka ofisini.

Je, wajua kuwa elimu ya foleni za mawasiliano ni kongwe kuliko kompyuta? Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu simu zinazogombea laini mwaka 1909. Wakati huo Songea ilikuwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Majimaji, vilivyokwisha mwaka 1907. Kutokana na hesabu za aina hiyo tunajua jambo linalowashtua wengi. Katika foleni ya kawaida kabisa, njia inayotumika kwa asilimia 50 humfanya kila mpitaji atumie muda mara mbili ya ule ambao angeutumia akiwa peke yake. Ikifika asilimia 90, muda huwa mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Asilimia 99, mara mia. Kwa hiyo anayeona njia yake imetumika kwa asilimia 90 na kujipa moyo kuwa asilimia 10 bado ipo, tayari yumo kwenye shida.

Tena wastani hudanganya. Mchoro unaoonyesha matumizi ya kila dakika tano unaweza kusema njia imetumika kwa asilimia 20 tu, ilhali ndani ya dakika hizo kulikuwa na mafuriko ya milisekunde chache. Kompyuta ikimwaga data kwa gigabiti moja kwa sekunde, milisekunde 10 tu zatosha kuleta megabaiti 1.25. Swichi nyingi ndogo za mezani, zile za matundu manane, zina bafa ya kilobaiti mia chache. Zinafurika, zinatupa pakiti, na mchoro hauonyeshi chochote.

Je, wajua kuwa intaneti iliwahi kuzimika kwa msongamano peke yake, bila waya kukatika wala mashine kuungua? Hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, kwa hiyo niruhusu nikae nayo kidogo.

Ilikuwa Oktoba 1986. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, sehemu mbili zilizoachana kwa mita zisizofika 400, kasi ya data iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Biti 40 ni sawa na herufi tano kwa sekunde. Mtu anayeandika kwa mkono hakuachwa mbali. Kosa halikuwa la kifaa chochote. Kila kompyuta iliyokosa jibu kwa wakati ilidhani pakiti yake imepotea, ikatuma nakala. Nakala zikaingia kwenye foleni ileile, foleni ikarefuka, majibu yakachelewa zaidi, nakala zikaongezeka. Mtandao ulikuwa unafanya kazi kwa nguvu zote, lakini karibu mzigo wote uliobebwa ulikuwa marudio.

Onyo lilikuwa limeshatolewa. Januari 1984, John Nagle, aliyekuwa Ford Aerospace, kampuni tanzu ya watengenezaji wa magari, aliandika kwamba mitandao ya aina hii inaweza kuporomoka namna hiyohiyo. Dawa aliipata Van Jacobson wa ile maabara, akisaidiana na Michael Karels wa chuo kikuu, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1988. Hawakutandaza waya mpya. Waliifundisha kompyuta adabu: ianze kutuma kidogo kidogo, iongeze inapoona majibu yanarudi, na ikiona pakiti imepotea, ipunguze mwendo papo hapo. Adabu hiyo, kwa sura mbalimbali zilizoboreshwa, imo ndani ya simu iliyoko mfukoni mwako.

Sasa tazama matokeo yake. Tangu hapo pakiti inayotupwa ni ujumbe. Swichi inapotupa pakiti moja kwa wakati unaofaa, inamwambia mtumaji kwamba njia imejaa. Swichi inayong'ang'ania kuhifadhi kila kitu inanyima habari hiyo, na mtumaji anaendelea kusukuma akidhani mambo ni shwari. Hili ni gumu kukubalika, kwa sababu anayenunua vifaa hupenda kusikia kuwa kifaa chake hakipotezi kitu.

Kumbukumbu za kompyuta zilipokuwa rahisi, watengenezaji waliongeza bafa bila kufikiri sana. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, akichunguza kwa nini intaneti ya nyumbani kwake ilikuwa inakwama, aligundua kwamba foleni ndani ya vifaa zilikuwa zimevimba kupita kiasi, na si kwake tu. Mkulima wa Namtumbo au Madaba aliyepeleka mahindi kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) msimu wa mavuno ataelewa upesi: ukipanua uwanja wa kuegesha malori, mzani haupimi haraka zaidi. Yanaingia malori mengi zaidi, foleni inakuwa ndefu zaidi, na aliye nyumbani hapati habari kwamba afadhali asubiri hukohuko.

Tiba zipo. Mwaka 1993 Sally Floyd na Van Jacobson walipendekeza swichi na rauta zianze kutupa pakiti chache kwa bahati nasibu kabla bafa haijajaa, ili watumaji wapunguze mwendo mmoja mmoja badala ya wote kusimama pamoja na kuondoka pamoja. Mwaka 2012 Jacobson huyohuyo na Kathleen Nichols walileta njia bora zaidi, CoDel, ambayo haijali foleni ina pakiti ngapi bali pakiti imesubiri muda gani. Kwa kawaida, kama kusubiri kumezidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, inaanza kutupa. Ndugu yake aitwaye fq_codel hutenganisha kila mazungumzo katika foleni yake, hivyo video ya harusi inasubiri kwenye foleni ya video ya harusi, na barua pepe ya mhasibu inapita. Programu hizi ni za bure. Zimo ndani ya Linux, zimo kwenye OpenWrt, programu ya kuendeshea rauta, na rauta za MikroTik, ambazo mafundi wetu wengi wanazijua, zinazo tangu toleo la 7 la programu yake. Inasikitisha kwamba ofisi nyingi zinazo na hazijaziwasha.

Je, wajua kuwa swichi inaweza kuiamuru kompyuta isubiri? Kiwango cha IEEE 802.3x cha mwaka 1997 kiliweka fremu, yaani pakiti kama inavyobebwa kwenye waya, iliyo maalumu kwa kusimamisha. Bafa ikikaribia kujaa, swichi humtumia jirani yake fremu hiyo, na jirani hunyamaza. Kwenye waya wa megabiti 100, fremu moja inaweza kumnyamazisha kwa muda unaofika theluthi moja ya sekunde, na ikirudiwa, ananyamaza tena. Kwa maandishi inapendeza. Katika ofisi ina hatari, kwa kuwa amri hiyo haibagui: inasimamisha yote, iwe simu ya sauti, malipo au nakala ya filamu. Kifaa kimoja kizito, tuseme printa ya zamani, kinaweza kuifanya swichi imsimamishe kila anayezungumza nayo, hata asiyehitaji printa. Baadaye, mwaka 2011, kikaja kiwango cha 802.1Qbb kinachosimamisha daraja moja la data na kuacha mengine yapite, lakini hicho ni cha vituo vikubwa vya data. Kwa ofisi yenye swichi inayoweza kurekebishwa, ushauri wangu ni kuizima amri hii na kuacha adabu ya Jacobson ifanye kazi yake.

Kuna msongamano mwingine, mbaya kuliko huu, unaoletwa na mkono wa mtu mwenye nia njema. Anaona ncha ya waya inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi. Kumbe ncha ya pili tayari imechomekwa kwenye swichi ileile. Fremu za Ethernet, mfumo unaotumika kwenye nyaya za ofisi, hazina ukomo wa umri: ikiingia kwenye mzunguko, fremu ya tangazo kwa wote huzunguka na kuzaliana bila kikomo mpaka taa zote zinawaka bila kupepesa na hakuna kinachopita.

Aliyetupatia kinga ni mwanamke, Radia Perlman, aliyekuwa kampuni ya Digital Equipment mwaka 1985. Alibuni utaratibu wa swichi kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kuchagua mojawapo kuwa shina, na kuziba njia zozote zinazoleta mzunguko. Aliona kazi hiyo inastahili shairi, akalitunga na kuliweka kwenye andiko lake la kitaalamu. Utaratibu wa awali una subira: tundu jipya hukaa sekunde 30, kumi na tano za kusikiliza na kumi na tano za kujifunza, kabla ya kupitisha data. Songea ilikuwa ikitegemea zaidi jenereta za dizeli mpaka ilipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na hata sasa umeme ukikatika na kurudi, swichi za namna hiyo huanza upya hesabu yake. Watu wanadhani mtandao umekufa, wanachomoa na kuchomeka tena, na sekunde 30 zinaanza mwanzo. Toleo la haraka la utaratibu huu lipo tangu mwaka 2001. Swichi za bei ya chini kabisa hazina lolote kati ya hayo mawili.

Uzito wa jambo hili waulize Boston. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ulielemewa na data nyingi, na utaratibu huo wa kuzuia mizunguko ukashindwa, kwa sababu mtandao ulikuwa umeunganishwa swichi baada ya swichi kupita kiwango kilichokusudiwa. Kwa siku nne hivi madaktari na wauguzi walirudi kwenye karatasi. Kwa mkoa wetu wenye hospitali kubwa kama ya Peramiho na ya Rufaa ya Mkoa, na wakati huu ambapo hospitali za umma nchini zinasajili wagonjwa kwa mifumo kama GoT-HoMIS, habari hiyo ya Boston yafaa isomwe na kila anayesimamia vyumba vya mitambo. Swichi ikichoka, mgonjwa ndiye anayesimama dirishani.

Je, wajua kuwa kila fremu inaweza kubeba cheo? Ndani ya lebo yake kuna biti tatu zinazotoa madaraja manane, kuanzia 0 hadi 7. Swichi inayojua kusoma lebo hiyo hupitisha daraja la juu kwanza. Simu ya sauti inayopita mtandaoni ni mzigo mdogo sana, pakiti 50 kwa sekunde ambazo kwa jumla hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya megabiti, lakini haivumilii kusubiri: Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kuipa cheo hakumpunguzii mwingine chochote cha maana. Kamera za ulinzi ni kinyume chake. Kamera 16 za megabiti 4 kila moja hutoa megabiti 64 mchana na usiku, na kama zinapita kwenye waya uleule wa megabiti 100 unaotumiwa na wahasibu, wahasibu wamebakiwa na 36. Hizo zitengewe njia yake.

Je, wajua kuwa swichi ya kwanza ya Ethernet kuuzwa, EtherSwitch ya mwaka 1990, ilikuwa na matundu saba tu? Iliundwa na kampuni ya Kalpana, ambayo Cisco iliinunua mwaka 1994. Kabla yake ofisi zilitumia habu, kifaa kinachorudia kila kinachosikia kwa kila mtu, kwa hiyo wawili wakizungumza pamoja waligongana na wote kuanza upya. Ukikuta habu inafanya kazi hadi leo, itoe.

Msongamano wa kisanduku chetu ni mdogo wa ule wa nchi, na kanuni ni ileile. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani, na Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga huduma kwa wananchi kwa siku mbili. Waya wa Songea hadi Dar es Salaam haukuwa na jeraha. Kilichotokea ni kwamba mzigo wa nyaya zilizokatika ulihamia kwenye njia chache zilizobaki, na foleni zikajaa kwenye milango ya kutokea nchini. Ndiyo faida ya vituo vya kubadilishana data ndani ya nchi. Kenya walianzisha chao, KIXP, Novemba 2000. Kikafungwa baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine iliweza kwenda ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Tanzania nasi tuna TIX jijini Dar es Salaam, na kila kinachopita hapo hakigombei mlango wa bahari.

Na siku ya matokeo ya NECTA, kila mzazi na kila mtahiniwa anapogonga mlango mmoja dakika ileile, wanaosimamia huweka matokeo kwenye seva kadhaa ili mzigo ugawanyike. Ni uamuzi sahihi. Minada ya mazao inayofanyika mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, inahitaji uangalifu wa namna hiyo katika ofisi za vyama vya ushirika, kwa kuwa hapo kuchelewa kunagusa bei ya mkulima.

Basi nakuomba ufanye jaribio moja ofisini kwako, shuleni au kwenye duka lako la huduma za mtandao. Fungua kompyuta wakati hakuna anayetumia mtandao, uandike amri ya ping kwenda kwenye tovuti yoyote iliyoko nchini, na usome milisekunde. Kisha mwambie mwenzako aanze kupandisha faili kubwa, na usome tena. Namba ikipanda kidogo, uko salama. Ikiruka kutoka makumi hadi mamia, foleni iko kwako, na kifurushi kikubwa zaidi huenda kisiiondoe. Mwite fundi wa mtandao awashe fq_codel kwenye rauta, na aweke ukomo wa kasi chini kidogo ya ile unayolipia, asilimia 90 au 95, ili foleni itokee mahali mnapoweza kuisimamia. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na haihitaji kununua kitu kipya kama rauta yako ina uwezo huo.